Usimvike Mtoto Dirii ya Sauli

Ujumbe wa Jumapili
Masomo: 1 Samweli 17:31–40, Luka 14:28–30



Wiki hizi katika nyumba nyingi za kanisa letu kuna barua za vyuo mezani. Watoto wetu wa darasa la 12 wamepata majibu, na wengi wametakiwa kuchagua chuo kabla ya tarehe 1 Mei. Kuna nyumba zenye shangwe. Kuna nyumba nyingine ambamo mtoto na mzazi hawasemezani vizuri tangu barua zifike, kwa sababu mzazi anataka hiki na mtoto anataka kile. Na kuna nyumba ambamo kila mtu amenyamaza, kwa kuwa barua iliyokuja ilikuwa ya kukataliwa. Leo nataka Neno la Mungu liingie katika nyumba hizo zote tatu.

Tufungue pamoja 1 Samweli sura ya 17. Majeshi mawili yanatazamana katika bonde la Ela. Siku 40 mfululizo Goliathi anatoka asubuhi na jioni kuwatukana Waisraeli, na hakuna anayethubutu kumkabili. Daudi, mtoto wa mwisho wa Yese, ametumwa na baba yake kuwapelekea kaka zake chakula. Anasikia matusi yale, anajitolea kwenda kupigana. Mfalme Sauli anamwona bado ni kijana mno, lakini mwishoni anakubali. Kisha anamvika Daudi mavazi yake mwenyewe ya vita: chapeo ya shaba kichwani, dirii mwilini, na upanga juu yake. Daudi anajaribu kutembea, anaona hawezi. Anavua vyote. Anachukua fimbo yake, anachagua mawe matano kijitoni, anashika kombeo lake na kumwendea yule Mfilisti.

Nina neno kwa wazazi, nina neno kwa vijana, kisha tutaokota mawe matano pamoja.

Neno kwa wazazi

Sauli hakuwa na nia mbaya. Hilo tulishike kwanza. Alimpa Daudi kitu bora alichokuwa nacho, silaha za mfalme, akitaka mtoto wa mwenzake arudi salama. Vivyo hivyo mzazi anayemwambia mwanawe "uwe daktari" au "uwe nesi" anasema kwa upendo. Wengi wetu tulitoka Uvira, Fizi, Bukavu na Goma. Wengine tuliishi miaka mingi Nyarugusu, tukajua maana ya kumbeba mgonjwa usiku kumtafutia daktari. Leo tunafanya kazi za usiku kwenye maghala na viwandani, tunasimama saa 10 au 12, na tumeapa kwamba mtoto wetu hatasimama pale tunaposimama sisi. Mungu anaona jasho hilo.

Lakini tazameni ile dirii ilikuwa ya nani. Biblia inatuambia katika sura ya 9 kwamba Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, wao wakimfikia mabegani. Silaha zake zilitengenezwa kwa kipimo chake. Tena, silaha zile zile zilikuwa zimekaa na Sauli siku 40 bila kumwondolea hofu. Alimpa kijana kitu ambacho yeye mwenyewe hakikumsaidia kushuka bondeni.

Mzazi mwenzangu, jiulize mbele za Mungu: ndoto hii ninayomvika mtoto imepimwa kwa mwili wake, au kwa hofu yangu? Je, namtaka awe nesi kwa sababu nimemwona anavyowahudumia wagonjwa kwa moyo, au kwa sababu nataka siku moja nitamke neno hilo mbele ya ndugu waliobaki nyumbani?

Kuna sababu nyingine inayotufanya tuteleze hapa. Kule tulikotoka, wengi wetu hatukuzoea kuchagua. Kule Kongo, asilimia uliyopata kwenye Examen d'État na section uliyosoma vilikufungulia mlango huu au kukufungia ule. Waliosoma Tanzania wanajua jinsi matokeo ya mtihani yanavyoamua tahasusi za kidato cha tano, na serikali ikawapangia shule. Waliotoka Kenya wanajua habari ya KUCCPS. Hapa mtoto wa miaka 17 anawekewa mbele maelfu ya vyuo na mamia ya fani, anaambiwa achague mwenyewe, na anaruhusiwa hata kuanza chuo kabla hajataja fani. Si aibu kwamba jambo hili ni geni kwetu. Aibu ni kuamua kwa sauti kubwa jambo ambalo hatujaliuliza.

Na dirii isiyomfaa mtoto ina gharama. Mtoto anaingia fani asiyoiweza au asiyoipenda, anaanguka masomo ya muhula wa kwanza, anaficha matokeo, anaacha kupokea simu za mama. Msaada wa serikali unaoitwa Pell Grant, ambao wengi wetu tunautegemea, una kikomo: mwanafunzi hupewa kwa muda usiozidi takriban mihula 12 katika maisha yake yote. Miaka miwili iliyotumika ndani ya dirii ya mtu mwingine hairudishwi. Zaidi ya fedha, kuna moyo. Tuna vijana wanaotabasamu hapa kanisani kila Jumapili, na ndani wanalia kwa kuogopa kusema maneno matatu tu: "Baba, hii hainifai."

Angalieni jambo moja zuri kwa Sauli: Daudi alipovua, Sauli hakumlazimisha avae tena. Alimwacha aende.

Neno kwa vijana

Sasa vijana, msifurahi haraka. Nanyi mna la kusikia.

Daudi hakuikataa dirii akiwa amekaa. Aliivaa, akajaribu kutembea nayo, ndipo akasema kwa heshima kwamba hakuizoea. Kuna kijana anasema "mimi sitaki unesi" na hajawahi hata siku moja kujitolea hospitalini au katika nyumba ya wazee. Jaribu kwanza. Chukua somo la biolojia kwa uaminifu. Ukiwa bado sekondari unaweza kusoma baadhi ya masomo ya chuo. Muulize mshauri wa shule yako. Zungumza na dada zetu wa kanisani wanaofanya kazi hiyo, waulize siku yao inakwendaje. Baada ya hapo, ukisema haikufai, tutakuamini.

Tena, Daudi alipovua dirii, hakurudi kulala. Alikuwa na kombeo, na alijua kulitumia. Alimweleza mfalme habari ya simba na dubu waliovamia kundi la baba yake, na jinsi alivyowapiga. Hakuna aliyekuwa akimpigia makofi kule porini. Alifanya mazoezi peke yake, siku nyingi, kondoo wakimtazama. Kijana anayesema "sitaki" na hana kombeo hajakataa dirii, amekataa vita.

Basi onyesha kombeo lako. Ni kazi gani unaifanya hata usipolazimishwa, na unaifanya vizuri, na watu wengine wanaona hivyo? Kutazama mpira kwenye simu si kombeo. Lakini kama wewe ndiye unayetengeneza magari ya nusu ya kanisa hili, hilo ni kombeo. Kama wadogo zako wanaelewa hesabu unapowafundisha wewe kuliko walimu wao, hilo ni kombeo. Kama unaketi na bibi zetu, unawatafsiria barua na hawaogopi, hilo nalo ni kombeo. Mpe baba yako simba wako na dubu wako, mambo uliyoyatenda, asikie. Mzazi anayeona ushahidi hutulia.

Na hapa naomba wote tusidharau kazi ya mikono. Someni Kutoka sura ya 31. Mungu alipotaka kujengewa hema yake, alimjaza Roho wake fundi aitwaye Bezaleli ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Hapa Kentucky kuna ufadhili unaoitwa Work Ready Kentucky Scholarship. Unalipia ada ya vyeti na stashahada za miaka miwili katika maeneo matano yanayohitaji wafanyakazi: afya, viwanda vya kisasa, usafirishaji, biashara na kompyuta, na ufundi wa ujenzi. Fundi umeme mwenye leseni na asiye na deni hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu yeyote kanisani humu.

Mawe matano

Katika Luka 14 Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Yesu alikuwa anasema juu ya kumfuata yeye, lakini alichukua mfano ambao kila mtu mwenye akili alikubaliana nao: hesabu kwanza, jenga baadaye. Daudi naye hakuokota mawe ovyo, aliyachagua. Haya ni maswali matano ya kuuliza kuhusu kila chuo kabla ya kutia sahihi.

Jiwe la kwanza: je, chuo hiki kina ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani? Tangazo zuri kwenye televisheni si ithibati. Mnamo Septemba 2016 vyuo vya ITT Technical Institute, zaidi ya matawi 130 nchini, vilifungwa kwa wakati mmoja, na maelfu ya wanafunzi waliachwa katikati ya masomo. Kwa unesi uliza zaidi: je, programu hii imeidhinishwa na bodi ya wauguzi ya jimbo? Na wahitimu wake wangapi hufaulu mtihani wa leseni?

Jiwe la pili: je, chuo kina fani ninayoitafuta, na je, nitaingia katika fani hiyo? Wengi wanadanganyika hapa. Kukubaliwa na chuo si kukubaliwa na kitivo cha unesi. Katika vyuo vingi unaanza na masomo ya msingi, kisha unaomba tena nafasi, na wanaoomba ni wengi kuliko viti. Uliza mapema: nisipopata nafasi hiyo, nitafanya nini?

Jiwe la tatu: wanaoanza hapa, wangapi wanamaliza? Na wakimaliza wanapata nini? Wizara ya Elimu ina tovuti ya bure iitwayo College Scorecard. Andika jina la chuo, utaona wanaohitimu ni wangapi kwa mia, wastani wa gharama baada ya misaada, deni la kawaida la wahitimu, na mapato yao kwa kila fani. Dakika 20 za jioni zinatosha kulinganisha vyuo viwili.

Jiwe la nne: bei halisi ni ipi? Hapa naomba wazazi mnisikilize sana. Barua ya chuo huchanganya vitu vitatu katika orodha moja: msaada usiorudishwa, kazi ya chuoni ambayo mtoto atalipwa baada ya kuifanya, na mkopo. Vyote vinaitwa msaada. Mkopo ni deni, hata ukiandikwa kwa wino mzuri.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo kimoja kinagharimu dola 44,000 kwa mwaka. Barua inasema kilichobaki kulipwa ni sifuri, na familia inapiga vigelegele. Lakini soma mstari kwa mstari: msaada usiorudishwa ni dola 20,000, mkopo wa mwanafunzi dola 5,500, mkopo wa mzazi dola 18,500. Kwa hiyo deni la mwaka mmoja ni dola 24,000. Kwa miaka minne ni dola 96,000, na riba bado haijahesabiwa. Sehemu kubwa iko katika jina la mama anayepanga masanduku ghalani. Mkopo ule unaoitwa Parent PLUS ni wa mzazi kisheria. Mtoto akiahidi kuulipa ni vizuri, lakini serikali itamdai aliyetia sahihi.

Sasa chuo cha pili katika mfano wetu ni chuo cha jamii cha hapa mjini. Ada na vitabu ni dola 7,000. Pell Grant inatoa dola 5,500, mtoto anakaa nyumbani, na familia inatafuta dola 1,500. Baada ya miaka miwili anahamia chuo kikuu. Masharti yake ni haya: aulize tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, ni masomo gani yatakayohamishika katika fani yake, kwa sababu si yote hupokelewa.

Sisemi kwamba chuo cha bei nafuu ndicho bora kila mara. Kipo chuo ghali kinachotoa msaada mkubwa hadi kikawa nafuu kuliko cha jirani. Nasema tusitazame bei ya dirishani wala furaha ya barua. Tutazame kiasi kitakachotoka mfukoni na deni litakalobaki. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu cha Pell Grant ni dola 7,395, na njia ya kuipata ni kujaza fomu ya FAFSA. Fomu hiyo ni ya bure. Mtu akikutoza fedha ili tu aitume, mwache aende zake. Na ninyi wa darasa la 9 na la 10 mnaosinzia kule nyuma, amkeni: Kentucky ina mfuko wa KEES unaomwekea mwanafunzi fedha za chuo kwa kila mwaka wa sekondari anaopata wastani wa 2.5 au zaidi. Alama za mwaka huu tayari ni fedha.

Jiwe la tano: mtoto ataishi na nani huko? Darasa ni saa chache, zinazobaki ni maisha. Kuna ofisi ya kuwasaidia wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo? Kuna mahali pa kufundishwa zaidi akikwama? Kuna kanisa analoweza kufika bila gari? Kuna mtoto anayestawi akiwa mbali na nyumbani, na kuna mwingine anayenyauka. Wewe mzazi unamjua wako. Na wewe kijana, ukichagua chuo kwa sababu rafiki yako anaenda huko, umeokota jiwe la mtu mwingine.

Chuo kilichozaliwa na mahubiri

Wengine wanadhani kanisa halina habari na mambo haya. Mwendo wa chini ya saa moja kusini mwa Lexington kuna mji wa Berea. Mnamo 1855 mchungaji John G. Fee, aliyeupinga utumwa waziwazi katika jimbo la watumwa, alianzisha shule pale. Jina la mahali lilitoka katika Matendo 17, kwa wale Waberoya waliolichunguza Neno kwa bidii. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, weusi na weupe walisoma pamoja pale tangu 1866. Mwaka 1904 jimbo likapitisha sheria ya kuwatenganisha, na chuo kikawafungulia weusi mlango tena mwaka 1950, baada ya sheria hiyo kurekebishwa. Tangu 1892 Berea College haitozi wanafunzi wake ada. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na chuo kinatafuta hasa vijana wa familia zenye kipato kidogo.

Sikitangazi ili wote mkimbilie huko. Nafasi ni chache, na nacho lazima kipimwe kwa mawe yale yale matano. Nakitaja ili mjue kwamba mtumishi wa Mungu aliwahi kuketi hapa jirani, akajiuliza mtoto wa maskini atasomaje bila kuwekwa rehani.

Kwa aliyekataliwa

Nimalize na nyumba ya tatu, ile iliyonyamaza. Mtoto wangu uliyekataliwa, rudi nyuma sura moja, sura ya 16. Samweli alimpaka Daudi mafuta kabla ya Goliathi, kabla ya ikulu, alipoitwa kutoka machungani. Hata baba yake alikuwa hajamweka katika orodha ya kuonyeshwa kwa nabii. Mungu alikuwa amekwisha mchagua. Thamani yako haikuandikwa na ofisi ya udahili, na barua yao haiwezi kuifuta. Bluegrass Community and Technical College bado inapokea wanafunzi, na wengi wameanzia huko wakafika mbali. Hata wewe mama uliyeacha shule kambini, ukaja hapa ukalea watoto watano, mlango huo haukufungwa kwako.

Na kumbukeni kwamba Daudi hakulitegemea kombeo. Alimwambia Goliathi wazi kwamba anakuja kwa jina la Bwana. Tunachunguza, tunahesabu, tunachagua, kisha tunaenda kwa jina hilo. Tukikosea njia, Bwana hatatuacha bondeni.

Wiki hii nawaombeni jambo moja. Kabla barua haijajibiwa, kila nyumba itenge jioni moja. Zimeni televisheni. Mtoto aseme kwanza, dakika 10, bila kukatizwa. Kisha mzazi aseme hofu yake, kwa jina lake. Kisha someni barua mstari kwa mstari, mawe yote matano. Ombeni pamoja. Sahihi ije mwisho.

Tuombe. Baba, umewajua watoto hawa kabla sisi hatujawajua. Utuondolee hofu ambayo tumekuwa tukiwavika. Wape vijana wetu bidii ya kuzoeza mikono yao wakati hakuna anayewaona. Utupe hekima ya kuhesabu, na unyenyekevu wa kuuliza. Mzazi na mtoto wasiosemezana, uwapatanishe wiki hii, kabla ya tarehe ile kufika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Tangazo: Leo baada ya ibada, na Jumapili mbili zijazo, meza ya vyuo itakuwa ukumbini. Vijana wetu walioko chuoni watasaidia kusoma barua na kujaza FAFSA. Njooni na barua zote na karatasi za kodi. Mzazi na mtoto waje pamoja.